Nukta ya Pili Kwenye Tao

Ujiji, Jumapili, saa kumi na moja jioni. Jua bado lina makali, ziwa limetulia tuli, na mimi tangu jana mchana sijakaa nikatulia.

Nimeshakwenda mara tatu kuangalia kama mlango wa nyuma una kufuli. Madaftari ya Kidato cha Tatu nimeyapanga kwa mikondo, halafu nikayapangua nikayapanga kwa majina. Wanaonifahamu wakiniona hivi huambizana kwamba Toyi ana jambo.

Jambo lenyewe ni nukta. Nukta ndogo kwenye picha ya anga, ambayo kwa wiki tatu nimewaambia watu kwamba ipo.

Haipo.

Nianze mwanzo, maana kati ya nyie wachache mnaopita kwenye blogu hii kuna wanaokuja kutafuta mambo ya shule tu. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari hapa Ujiji, na tangu mwaka juzi nasoma shahada ya pili nikiwa hukuhuku nyumbani. Msimamizi wangu yuko Dar es Salaam. Hapa namwita Dokta, ni mama wa makamo, mpole kwa sauti na mkali kwa maandishi. Kazi aliyonipa ni kutazama picha za kundi moja la galaksi. Picha hazikupigwa na sisi, zimepigwa na darubini zilizoko angani, na mtu yeyote mwenye bando na subira anaweza kuzipakua.

Kundi hilo ni zito mno. Mamia ya galaksi yamekaa pamoja, na uzito wao unapinda mwanga unaopita kando yao, kwa hiyo kundi zima linafanya kazi ya lenzi. Galaksi nyingine iliyo nyuma yake, mbali kabisa, ambayo kwa kawaida tusingeiona vizuri, inatufikia imekuzwa na imevutwa mpaka ikawa tao jembamba, kama kipande cha ukucha kilichokatwa.

Ndani ya tao hilo kuna mstari usioonekana kwa macho. Tunaupata kwa hesabu. Kitu kikikaa karibu nao kinakuzwa kupita kiasi, mara mamia, hata maelfu. Hapo ndipo inapowezekana kuiona nyota moja peke yake, ndani ya galaksi ambayo nyota zake zote zingeonekana kama doa moja. Mwanga wake ulianza safari kabla Dunia haijawapo. Nyota yenyewe pengine ilishakufa zamani, na sisi ndiyo kwanza tunaipokea.

Mstari huo una tabia nyingine: unatoa mapacha. Nyota iliyo karibu nao huonekana mara mbili, picha moja upande huu na nyingine upande wa pili, kama mtu na kioo chake. Moja kati ya hizo hupita njia ndefu kidogo, ikachelewa kufika.

Hapo kwenye mapacha ndipo nilipoharibikiwa, na sababu yake ninaijua vizuri.

Mimi mwenyewe ni pacha. Waha wenzangu mlishajua kutokana na jina. Kwetu pacha anayetangulia anaitwa Bukuru na anayefuata anaitwa Butoyi. Mimi ndiye Butoyi. Bukuru anauza dagaa sokoni Kibirizi, ana sauti ya kuvuka ziwa, na mpaka leo, watu wazima hivi, anadai nimwamkie shikamoo kwa ajili ya dakika arobaini alizonitangulia.

Dakika hizo arobaini ni hadithi ya nyumbani kwetu. Nimeisikia tangu sijajua kuvaa viatu. Mama alijifungua kwenye zahanati ndogo huko Simbo, siku za nyuma, wala hakupimwa kwa mashine yoyote. Bukuru akatoka, akalia, akafungwa kwenye kitenge. Nesi akaanza kuosha vifaa. Mama akasema, bado yuko mmoja. Nesi akamwambia, mama pumzika, umechoka. Mama akasema tena, yuko mmoja. Dakika arobaini baadaye nikatoka, nesi akakaa chini.

Kwa hiyo mimi nimekua nikiwa ushahidi. Kila mgeni aliambiwa: huyu Toyi hakuna aliyemtegemea, ila mama yake.

Na nyumbani kwetu hakuna kitu kilichokuwa kimoja. Akinunuliwa mmoja gauni, na mwingine. Akipewa mmoja embe, mwingine hata kama amelala aliamshwa. Niliwahi kujikata kisigino kwa kigae, mama akanifunga kitambaa mimi, halafu akamwita Bukuru akamfunga na yeye kisigino kilekile, kizima, na Bukuru akachechemea siku mbili kwa raha zake. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Ukiona mmoja, geuka umtafute mwenzake, maana yupo.

Basi nikaenda na malezi hayo mpaka kwenye galaksi.

Nukta ya kwanza ni ya haki. Niseme hivyo kabla sijaanza kujipiga. Picha za anga zina chenga, kama televisheni ya zamani antena ikigeuka, na ili chenga zisikudanganye unaiambia programu isikuonyeshe chochote ambacho mwanga wake haujazidi chenga mara tano. Nukta ya kwanza ilipita hapo bila taabu. Iko kwenye picha zote nne mpya, mahali palepale, karibu kabisa na mstari, na kwenye picha za zamani haipo. Yaani kuna kitu kimewaka. Siku nilipoiona nilipiga ukelele peke yangu chumbani, jirani akaja mbio na fimbo kuuliza nyoka yuko wapi.

Nikaenda upande wa pili wa mstari kumtafuta mwenzake. Hakuwepo. Nikashusha kiwango, badala ya mara tano nikaweka nne. Hakuna. Tatu. Hakuna. Sikuwa na nia mbaya, naapa kwa lolote mnalotaka. Nilikuwa natabasamu. Nilikuwa nasema moyoni, yupo huyu, amechelewa tu kama mimi. Nilipofika mbili na nusu akatokea, hafifu, kwenye picha moja kati ya nne.

Nikamkaribisha kama mgeni aliyesafiri.

Kwenye jedwali la ripoti, mbele ya nukta ya kwanza niliandika "imeonekana". Mbele ya nukta ya pili nikaandika "imeonekana". Sikuandika kwamba ya kwanza ilipita mlango mkubwa na ya pili niliibomolea ukuta. Ningeandika hilo tu, leo ningekuwa nimelala kama watu wengine wa Jumapili.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haikuwa lazima nukta ya pili ionekane. Hili nalijua, nimelisoma, nimewahi hata kulieleza kwa watu. Ndani ya kundi la galaksi kuna nyota ndogondogo zinazotangatanga, na moja ikipita mbele ya pacha mmoja inamwongezea mwanga kwa muda, huku mwenzake akibaki gizani. Kuonekana mmoja bila mwingine ni jambo la kawaida kabisa. Lakini kichwa kilikuwa kinajua hivyo, na mkono ulikuwa unashusha kiwango.

Halafu furaha ikafanya kazi yake. Nilimweleza Bukuru pale Kibirizi kwa glasi ya chai. Nilichora nukta kwenye karatasi ya kufungia, nikaiweka glasi tupu juu yake, nikamwambia atazame kupitia kitako huku nikiisogeza taratibu. Nukta ikavutika, ikawa mbili. Bukuru akacheka mpaka wachukuzi wakageuka. Akasema ile inayong'aa ni yeye, na ile hafifu iliyochelewa ni mimi. Kwa hiyo nukta zikapata majina. Wanawake wa dagaa wakawa wananisalimia, habari za mapacha wa juu?

Mama naye akapeleka habari jumuiya ya kanisani. Na mambo yakifika jumuiya, yamefika.

Upande wa pili, Dokta akawaonyesha wenzake wa nje. Kesho saa nane mchana watu kama ishirini watakaa mbele ya skrini zao kunisikiliza, halafu wataamua kama wapeleke maombi ya darubini kubwa igeuzwe ipatazame tena mahali pale. Muda wa darubini hiyo unagombewa na dunia nzima. Maombi yenyewe yamesimama juu ya mapacha. Kichwa cha mada yangu alikichagua Dokta mwenyewe, na neno la kwanza ni "Jozi".

Jana mchana ndipo nilipojua. Nilikuwa naandaa picha ya kuonyesha, nikataka tao zima lionekane na nukta zote mbili zimezungushiwa duara. Ili ya pili itokee ilibidi nishushe kiwango mpaka mbili na nusu kwa picha nzima, siyo kwa kile kipande kidogo nilichokuwa nikikitazama siku zote.

Picha ikajaa nukta. Juu ya tao, chini ya tao, pembeni, hata pale ambapo hakuna galaksi wala chochote. Ilikuwa kama uwanja wa Kibirizi siku ya kuanika, dagaa mpaka huna pa kuweka mguu.

Nilikaa nikaitazama. Kwa kiwango kile ningeweza kumpatia pacha mtu yeyote. Ningechagua kona yoyote ya picha ile nikasema natafuta kitu, ningekipata.

Nikarudisha mara tano. Nukta nyingine zote zikafutika, pakabaki peupe, na ile ya kwanza ikabaki pale ilipo. Sikuweza hata kuifurahia. Nilikuwa nimeshaanza kuitilia shaka na yenyewe.

Usiku nililala kidogokidogo. Nilikuwa nikitunga njia za kutokea. Kwamba nitasema ya pili "ni ya awali". Kwamba nitaipitia haraka na kuhamia kwenye mambo ya lenzi, nani atauliza. Kwamba mtandao wa Kigoma ukikatika katikati ya mada si kosa langu. Niliomba umeme ukatike, mimi ambaye kila siku nawatukana wanaoukata.

Asubuhi nikaenda Misa. Sikusikia mahubiri. Tulipotoka nje mwenyekiti wa jumuiya, Mama Adolfina, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia wiki nzima wamewaombea mapacha wangu wa mbinguni, na kwamba wakishaandikwa rasmi jumuiya itapika. Alisema kwa moyo mweupe kabisa. Nilimjibu amina. Nikatembea mpaka kwa mama huku shingo imelowa, na saa tano ile hapakuwa na joto la kulowesha shingo.

Bukuru alikuwa ameshafika. Wiki hii ni mbalamwezi, taa haziwavuti dagaa, mitumbwi haitoki, Kibirizi imepoa na yeye ana nafasi ya kukaa kwa mama akimsumbua. Alikuwa barazani anachambua dagaa waliobaki. Mama alikuwa upande wa jikoni, mlango wazi, anakatakata mboga. Nilimwamkia mama, nikajitupa kwenye mkeka.

"Na mimi shikamoo yangu iko wapi?" Bukuru akasema.

Nikampa. Marahaba yake ikachelewa, maana mimi huwa simpi hivihivi.

"Toyi, unaumwa?"

Nikamweleza. Nilimweleza yote, chenga, mara tano, mbili na nusu, picha iliyojaa. Nilitegemea atacheka. Alinisikiliza huku vidole vikiendelea kutoa vijiti na mawe kwenye dagaa, na nilipomaliza akaniangalia.

"Kwa hiyo huko juu nimebaki mimi tu?"

"Wewe tu."

"Na wewe hukuwahi kuwepo."

"Sikuwahi."

Akatikisa kichwa. Akasema, kwa nini nisinyamaze. Huko ni mbali, nani atakwenda kuhesabu? Nikamwambia ndiyo kazi yao hao watu ishirini, kwenda kuhesabu, na wakitumia darubini ile kutafuta kitu ambacho najua hakipo, nitakuwa nimewaibia wengine zamu yao. Na nikinyamaza wakagundua wenyewe, hata ile nukta ya kwanza hakuna atakayeiamini.

Bukuru akaacha kuchambua. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia, na mimi nilidhani najua kila kitu chake.

Alisema mwaka alioanza biashara alikuwa na magunia kumi. Tisa yalikuwa dagaa safi, waliokauka vizuri. La kumi alilijazia chini dagaa walionyeshewa na mvua, juu akaweka wazuri. Mnunuzi wa Tabora akaja, na kati ya magunia kumi akalipindua lile. Bukuru alisema hakugombana naye, hakumtukana. Alifunga tu mdomo wa gunia, akaenda kwa mwanamke wa pembeni.

"Yale tisa hakuyafungua hata moja," Bukuru akasema. "Nilimkimbilia nikimwambia, fungua haya, fungua uone. Hakugeuka."

Nilijua amejibu swali lake mwenyewe la kunyamaza, na yeye alijua.

Lakini mimi ni mimi. Nilitaka mtu anionee huruma, nitafutiwe sababu. Nikageukia upande wa jikoni nikasema kwa sauti, ili asikie, kwamba kosa ni la mama. Nilisema kwa utani, ila sehemu yangu kubwa haikuwa inatania. Nilisema, wewe mama ndiye uliyetufundisha kwamba wa pili yupo tu hata kama haonekani. Zahanati nzima ilisema hakuna mtu, wewe ukasema yupo, na nikawepo. Mimi nimefanya kama wewe.

Mama akatoka na kisu mkononi na majani ya mboga yamemganda kwenye vidole. Nilidhani atacheka na yeye.

"Mimi nilisema yupo kwa sababu ulinipiga teke," akasema. Akajigusa ubavuni na mpini wa kisu. "Hapa. Bukuru ameshatoka, analia kule, na mimi napigwa teke hapa. Sasa nani ananipiga? Nesi?"

Bukuru akaanza kucheka.

"Usingenipiga teke ningesema nini? Ningeomba chai nilale. Nilikuwa nimechoka, Toyi, mwana wanje, mwanangu. Sikuwa natamani mwingine. Mmoja alinitosha."

Sikuwahi kuisikia sehemu hiyo. Miaka yote hadithi ile inasimuliwa, ilikuwa inaishia kwa nesi kukaa chini, watu wanacheka, chai inamiminwa. Hakuna aliyewahi kuuliza mama alijuaje, na mimi mwalimu wa fizikia sikuwahi kuuliza.

"Huyo wako," mama akaendelea, "alikupiga teke?"

"Hapana, Mama."

"Basi ulimtamani tu."

Akarudi jikoni. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekwambia chumvi imeisha, na mimi nikabaki nimeshika dagaa mmoja mkononi kwa muda sijui kwa nini.

Tulikula. Ugali wa muhogo, dagaa kwa mawese, mboga. Nilikula tonge nne nikashindwa. Mama alinifungia chakula kingine kwenye bakuli, halafu, bila kufikiri, akamfungia na Bukuru, na Bukuru alikuwa ameshakula mpaka anahema. Bakuli zikawekwa mlangoni zote mbili.

Saa tisa nikawa hapa nyumbani. Niliwasha kompyuta, nikaizima, nikaenda kuangalia kufuli, nikaiwasha.

Niliandika barua kwa Dokta mara sita. Ya kwanza ilikuwa ndefu na ilikuwa na maelezo ya malezi yangu, nikaifuta. Ya pili ilikuwa inaomba msamaha kila mstari. Ya tatu ilisema "kumejitokeza hitilafu", kama vile hitilafu ilijitokeza yenyewe ikapiga hodi. Ya sita ndiyo niliyotuma. Inasema: Nukta ya kwanza inazidi chenga zaidi ya mara tano katika picha zote nne. Nukta ya pili niliipata kwa kushusha kiwango mpaka mbili na nusu, katika picha moja tu, na sikuandika hivyo kwenye jedwali. Nimejaribu kiwango hicho kwa picha nzima na kinatoa nukta kila mahali. Sina sababu ya kusema nukta ya pili ipo. Nimeambatanisha picha zote mbili, ile safi na ile iliyojaa. Kosa ni langu.

Nilibonyeza saa kumi kasoro dakika tano.

Halafu nikafungua jedwali, na mbele ya nukta ya pili nikafuta neno lile. Pembeni, kwenye safu ya majina ya utani ambayo nilijiwekea mwenyewe na hakuna mwingine anayeiona, paliandikwa Butoyi. Nalo nikalifuta. Sikutegemea kwamba lingeniuma. Ni herufi sita kwenye kisanduku, lakini nimekaa wiki tatu nikijua kwamba mahali fulani huko, mbali kuliko akili inavyofika, kuna kitu kidogo kilichochelewa kufika na kina jina langu.

Kuna kujipenda ndani ya kosa hili ambako sikukuona mpaka leo. Nilidhani namtafuta mwenzake Bukuru. Kumbe nilikuwa najitafuta mimi.

Dokta amejibu. Amejibu saa kumi na nusu, Jumapili, siku ambayo simu yake huwa mikononi mwa wajukuu. Jibu lake lote ni hili: "Nimeona. Ripoti ile usiiguse, ibaki kama ilivyo. Kesho saa nane utawaeleza wewe mwenyewe."

Nimelisoma labda mara ishirini. Hakuna pole, hakuna hasira, hakuna hata salamu. "Usiiguse" maana yake nini? Kwamba tutaionyesha makosa na yote ili watu waone tulipopotea? Au kwamba anaihifadhi kama ushahidi? Na jedwali nimeshaligusa. Nimerudi nikarudisha neno lile, "imeonekana", nikaliwekea mstari katikati, na pembeni nikaandika tarehe ya leo na kiwango nilichotumia. Jina sikulirudisha.

Nimempigia Bukuru kumsomea ujumbe. Akasema kwa mtu kama Dokta, kukuachia useme mwenyewe ni heshima. Nikamwambia au ni adhabu. Akasema, inaweza kuwa zote mbili, na kesho nivae kile kitenge cha bluu maana cha njano kinanifanya nionekane mgonjwa. Akaniuliza kama yeye huko juu bado yupo. Nikafungua picha tena nikiwa naye kwenye simu, mara tano, picha zote nne, moja baada ya nyingine, nikimwambia: yupo, yupo, yupo, yupo. Akasema basi nisiende kumwaibisha.

Sikutaka kuandika haya hapa kabla Dokta hajajua. Sasa anajua, na nyie mmejua. Mama Adolfina sijui nitamwambia nini. Nadhani nitamwambia ni mmoja, na sala zao zihamie kwa mwalimu.

Kesho mchana nitakaa mbele ya watu ishirini na kichwa cha mada kilichoanza na neno Jozi, nitawaonyesha picha iliyojaa, halafu nitawaonyesha picha safi. Inawezekana wakaondoka. Inawezekana wakafunga mdomo wa gunia na kwenda kwa wa pembeni, na ile moja ya kweli wasiifungue. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, kwamba mwanga umetembea muda wote ule, umepindwa na kundi zima la galaksi ukafika salama mpaka hapa, halafu ukaja kukwama kwa sababu ya neno moja la mwalimu wa Ujiji.

Na lipo swali ambalo lazima mmoja wao ataniuliza, kwa upole, kwa sababu hata mimi ningeliuliza. Ataniuliza, kwa hiyo unadhani ya pili iko wapi?

Nimelifanyia mazoezi jibu langu mbele ya kioo, kitenge cha bluu begani. Nitasema hesabu inaonyesha inapotakiwa kuwa, na hapo nitaendelea kuangalia. Lakini kunipiga teke, bado.